Siku Niliyokwepa Jibu la Kipa

Miaka yote ya mwisho wa maisha yake, kipa wetu aliniita kepteni. Aliniita hivyo kwa adabu, mbele za watu na hata tukiwa wawili. "Habari za kazi, kepteni." "Karibu kiti, kepteni." Mgeni angesikia heshima. Mimi kila mara nilisikia mlango ukifungwa. Kabla ya hapo alikuwa ananiita mpagazi, kichwa bapa, mla michembe, na majina mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zangu wanaweza kuyasoma. Tangu siku ile mpaka siku tuliyomzika nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka anitukane tena.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tabora mjini. Nilimaliza darasa la saba, basi, na kusoma kwangu ni kwa kidole. Kuandika ndiyo kabisa. Haya nimeyaandika kwa wiki nyingi, kibarazani, kati ya mteja mmoja na mwingine, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kuyasema hayupo tena.

Yeye alikuwa Mgogo. Baba yake aliletwa huku na kazi za reli akabaki, akamzaa hapa hapa mtaani kwetu, akawa seremala. Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu hilo linatosha kuwafanya watu wawili wawe watani. Zamani babu zetu walibeba mizigo ya wenye misafara kwenda pwani, na kila walipopita Ugogo walitozwa hongo ili wapewe njia na maji. Waligombana sana kwenye visima vile. Baadaye wakaoleana, wakazikana, na ugomvi wao ukageuka utani. Mtani anakuambia lolote, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumjibu.

Alikuwa akipita kibarazani kwangu asubuhi, mbao begani, anasimama.

"Shikamoo mpagazi."

"Marahaba. Umekuja kuniuzia maji?"

"Maji yetu ghali, huyawezi. Hebu inamisha kichwa nione. Aa, bado bapa! Pembe za ndovu alizobeba babu yako zimekukandamiza mpaka wewe."

"Na babu yako aliyekaa kisimani anaomba hongo, si ndiyo maana wewe ukapenda kukaa golini? Kazi ya kukaa tu!"

Wateja wanacheka, naye anaondoka anacheka. Siku ambayo hakupita, niliona kama sijafungua kazi.

Timu yetu ilikuwa ya watu wazima wa mtaa: mafundi, wauza nafaka, wakulima wawili wa tumbaku, mwokaji mikate mmoja. Mimi nilikuwa kepteni na mchezaji wa kiungo. Kocha wetu alikuwa mzee aliyestaafu reli, aliyewahi kusimamia stesheni ndogo upande wa Igalula. Mpira hakuwa ameucheza sana, ila nidhamu aliijua. Alikuja uwanjani na saa ya mkononi na filimbi ya kazini. Ukichelewa dakika moja, unauzunguka uwanja umebeba kipande cha taruma la reli, tena la zamani, la mti. Kabla ya mechi alitukalisha mchangani, macho tumefumba, kila mtu aicheze mechi nzima kichwani mwake. Tukifungwa goli, hakuna kumnyooshea mwenzako kidole. Kila mmoja anainama, anagusa ardhi, anavuta pumzi tatu, ndipo mpira unaanza.

"Mguu unafundishwa na mpira," alikuwa anasema. "Kichwa kinafundishwa na nani? Mnataka kukipeleka uwanjani hivyo hivyo kilivyotoka kwa mama?"

Tulimcheka mwanzoni. Halafu tukaanza kushinda mechi ambazo zamani tulikuwa tunazipoteza dakika za mwisho, tukaacha kumcheka.

Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni kipa. Mtaani alikuwa anavumilia utani wangu kutwa nzima. Uwanjani, shabiki asiyemjua akimtukana kutoka nyuma ya goli, alipandwa na hasira papo hapo. Mechi moja tuliyocheza Sikonge aliruka kamba akamfuata mtu kwenye umati, na wakati anamfuata, mpira ukapigwa kutoka katikati ya uwanja ukaingia golini taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Alipewa kadi nyekundu. Mechi ya tatu baada ya hapo akapewa nyingine. Wachezaji wakaanza kusema atolewe kwenye timu.

Kocha aliniita pembeni.

"Wewe ni mtani wake, sivyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kuanzia kesho wewe ndiye mashabiki. Utasimama nyuma ya goli, umtukane. Nikipiga filimbi ya kwanza kipa hana mdomo, mpaka nipige ya pili. Akikujibu neno moja tu, anabeba taruma."

Tukaanza. Siku ya kwanza alibeba taruma mara nne. Siku ya pili mara mbili. Wenzetu walikuwa wanapiga mashuti, mimi nyuma ya nyavu nasema yote ninayoyajua: visima, hongo, ng'ombe waliokonda, miguu yake iliyopinda. Yeye anauma mdomo, anadaka. Kilichofanya jambo lile liwe na raha ni kilichofuata baada ya filimbi ya pili. Alikuwa anayahifadhi maneno yangu yote kichwani, na tukitoka uwanjani ananijibu moja moja kwa mpangilio, njia nzima, nami nasukuma baiskeli mpaka mbavu zinauma kwa kucheka. Tulikuwa tunaishia kwake. Mkewe alikuwa ametutengea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Yeye mwenyewe alikula huku akilalamika kwamba Wanyamwezi wamemfundisha mkewe kupika ngozi za viatu.

"Kula, mpagazi," anasema. "Kesho una mzigo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nasema hivi ili ieleweke kwamba mazoezi yale hayakuwa mabaya. Ubaya niliuleta mimi.

Mwezi ule mdogo wangu wa kike aliolewa. Upande wa bwana harusi walikuwa walimu watupu, watu wanaoongea kwa vituo. Kipa alialikwa, na kama ada ya mtani akasimama katikati ya sherehe kunichamba. Alisema mengi, watu wakacheka, nami nikacheka. Mwishoni akasema, "Wakwe zetu, huyu ndiye kepteni wetu. Kocha akimpa orodha ya wachezaji aisome, anaishika juu chini. Siku moja alinipanga mimi mshambuliaji, nikashukuru, kumbe alikuwa anasoma jina la refa!"

Walimu wale walicheka sana. Mmoja alivua miwani akafuta machozi. Mimi nikajikuta sicheki. Ni kweli nilikuwa nasoma kwa kidole, na ni kweli kila Jumamosi kocha aliponipa karatasi ile nilianza kutokwa jasho kabla sijaifunua. Nilidhani hakuna aliyeona. Kumbe mtani wangu aliona, na alikuwa amelitunza hilo kwa muda gani sijui. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu pale pale, kama ada. Nilikaa kimya, watu wakadhani nimeshindwa utani, jambo la kawaida tu.

Nilirudi nyumbani na kinyongo. Mtani hana ruhusa ya kuweka kinyongo, lakini niliweka.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Mwaka ule ule kipa na mkewe walipoteza mtoto, wa kwanza, siku ya kuzaliwa. Kipa alikuwa amekwisha kumtengenezea kitanda, kidogo, cha mninga, kina vyuma vya kuzungushia chandarua. Baada ya mazishi kitanda kile kilibaki karakana, kwenye kona, kimefunikwa gunia. Wateja walikiulizia, akawaambia si cha kuuza. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyekitaja.

Jumatano moja, wiki mbili baada ya harusi, kocha alipiga filimbi ya kwanza. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya penalti. Nilisimama nyuma ya goli kama siku zote. Mwokaji mikate akaweka mpira, akarudi nyuma. Wakati anakimbia kuupiga, nikasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima:

"Mgogo! Kile kitanda utalala wewe? Au mtoto bado anatafuta nauli ya kuja?"

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba lilinitoka tu, kwamba maneno yalikuwa yameniishia. Si kweli. Nililala nalo siku tatu. Nilichagua siku na nilichagua wakati wa mpira kupigwa. Zaidi ya yote, nilijua kwamba kati ya filimbi mbili hana mdomo. Ndiyo maana nililisemea pale.

Kipa akaudaka mpira. Akaushika kifuani kidogo, akauweka chini, akamrudishia mwokaji kwa mguu. Hakugeuka. Mwokaji aliuchukua akawa anauzungushazungusha mikononi, hataki kunitazama. Kocha, aliyekuwa mbali na ambaye sidhani kama alielewa habari ya kitanda, alipiga makofi.

"Mmeona? Huyo sasa ni kipa!"

Filimbi ya pili ilipopigwa nilikuwa nimeshapanda baiskeli. Nilisema kuna mteja ananisubiri. Hakukuwa na mteja. Kwa wiki nzima nilipita njia ya nyuma, ile ya sokoni, ili nisipite mbele ya karakana yake. Mazoezi ya Ijumaa nilimwambia kocha naumwa tumbo.

Niliporudi uwanjani kipa alinisalimu vizuri. "Umepona, kepteni?" Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo hakupata tena kadi. Kocha alisema nyuma ya goli hanihitaji tena, na niliona kama nimeachiliwa. Fainali ya msimu ule tuliicheza Usoke, uwanja uko karibu na reli, mashabiki wa pale walikuwa wakulima waliomaliza kuuza tumbaku na wana furaha zao. Walimtukana kipa wetu dakika tisini. Walimtukana mama yake, kabila lake, miguu yake. Alisimama kama nguzo. Tukaenda penalti, akadaka mbili, tukachukua kombe. Watu walimbeba juu. Nilipenya katikati yao, nikamshika mguu, nikapiga kelele, "Mtani! Mtani wangu!"

Alinitazama kutoka kule juu, akitabasamu.

"Hongera sana, kepteni."

Nilijaribu. Nilikuwa naenda karakana kwake namwanzia. "Leo umeuza maji kiasi gani?" Anacheka kidogo, ananivutia kigoda, ananiuliza habari za watoto. Niliwahi kuvaa shati nimeligeuza nje ndani makusudi, ili aseme. Akaniambia kwa upole, "Kepteni, shati lako," kama mtu anavyomwambia mwalimu wake. Wanawake wa mtaani wakaanza kusema sisi wawili sasa tumekuwa watu wazima.

Timu ilikuja kuvunjika, kocha alihamia kwa mwanawe Kigoma, na kipa naye akahamia Usoke, ambako kulikuwa na kazi nyingi za milango na za mabani ya kukaushia tumbaku. Walijaliwa watoto watatu huko. Nilienda kumtembelea mara moja, kwa treni. Alikuwa ameanza kuvimba miguu, anafanya kazi amekaa. Nilikuwa nimejiandaa tangu stesheni ya Tabora. Nilitaka kusema neno samahani, ni neno fupi. Nilichosema ni hiki:

"Yale ya uwanjani, unajua, yalikuwa mazoezi tu."

Aliendelea kupiga randa. Maranda yalianguka miguuni pake, mengi, meupe.

"Mazoezi yalinisaidia sana, kepteni," akasema. "Siku hizi hakuna mtu anayeweza kunikasirisha."

Nikanywa chai yao, nikarudi.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, kaka yake alinipigia simu asubuhi. Hakusalimu. "Mtani, njoo utuzikie. Moyo umemshinda." Nilifunga kibaraza.

Wanyamwezi wamejaa Usoke, lakini mtani wa msiba waliyemtaka siku ile ni mimi. Nilikuta kaburi halijaanza kuchimbwa, wananisubiri nikate jembe la kwanza. Nilikata. Baadaye mjane aliniita nyuma ya nyumba, penye mafiga. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, macho makavu.

"Shemeji, umekuja kwa utani au umekuja kama jirani wa zamani? Niambie, niwaambie wazee."

Nilimwambia sijui kama nina haki ya utani. Nikamwambia kwamba niliuua mimi, siku ile ya kitanda, kwamba mumewe hakunijibu tena mpaka amekufa. Nilisema yote, pamoja na ya harusi, pamoja na zile siku tatu. Hakunikatiza.

"Lile neno liliniuma mimi," akasema. "Mpaka leo linaniuma, sikufichi. Mtoto nilimbeba mimi. Lakini yeye siku ile alirudi nyumbani anatembea haraka haraka. Akaniambia, leo mpagazi amevuka mpaka, na mimi jibu ninalo. Akawa anacheka, shemeji. Analia na kucheka. Tangu tumzike yule mtoto sikuwa nimemwona akilia. Akasema, tenga michembe, mtani anakuja kuchukua lake."

Akasukuma kuni ndani.

"Nikatenga. Hukuja. Akasema atakuja kesho. Nikatenga tena. Siku tatu. Siku ya nne akaniambia, basi, kumbe hakuwa anatania. Alikuwa amesema kweli."

"Jibu lilikuwa nini?"

"Nilimwuliza. Akasema si langu."

Nilikaa kwenye kigogo pale. Miaka yote ile nilidhani alinyamaza kwa sababu ya nilichokisema. Mdomo wake ulikuwa umefunguliwa na filimbi ya pili, kama siku nyingine zote, na alikuwa ananisubiri nyumbani kwake na chakula mezani. Kocha alimfundisha kipa kunyamaza kati ya filimbi mbili. Mimi hakuna aliyenifundisha kusimama filimbi ya pili ikishapigwa, na hilo ndilo lilikuwa zoezi langu.

"Mimi sijakusamehe bado," mjane akasema. "Ila inuka ufanye kazi yako. Asizikwe kama mtu asiye na watani."

Jeneza lilipotoka nililala njiani mbele yake, kama ada. Wabebaji wakasimama. Nikapaza sauti.

"Hapiti mtu hapa! Miaka na miaka mmetutoza hongo tupite kwenu. Leo njia ni yangu. Mgogo, lipa hongo!"

Watu wakacheka. Halafu nikanyamaza, nikasubiri, kwa muda ambao yeye angeutumia kujibu. Alikuwa mwepesi, hakuchukua muda mrefu.

"Nasikia ulikuwa kipa hodari! Mbona shuti hili hukulidaka?"

Wakacheka tena. Nikanyamaza tena. Nadhani walifikiri nimesahau maneno, maana mzee mmoja wa kwao, baba yake mdogo, alinihurumia akajibu badala yake: "Inuka we kichwa bapa, ubebe mzigo! Si ndiyo kazi mliyozaliwa nayo?" Kicheko kilikuwa kikubwa, hata jeneza likatikisika mabegani mwa wabebaji. Lilikuwa jibu zuri. Halikuwa lake.

Niliinuka, nikajipangusa vumbi, nikashika upande wa mbele, wa kichwani. Tulimzika kabla ya jua kuzama.

Wakati watu wanakula ugali na maharage uani, mjane alikuja na sahani peke yake, imefunikwa na sahani nyingine. Aliiweka mbele yangu, akaondoa kifuniko. Ilikuwa michembe ya karanga.

"Kula," akasema.

Alisimama pale pale mpaka nikamaliza.